Asilimia mbili za halmashauri na mtoto asiyeweza kukopa

KILA halmashauri nchini inatakiwa kisheria kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Katika mgawo huo, asilimia nne ni za wanawake, asilimia nne za vijana na asilimia mbili za watu wenye ulemavu.

Asilimia hizo mbili zimekuwa jibu la haraka kila linapoulizwa swali la nini kinafanyika kwa watu wenye ulemavu. Ni jibu la kweli, lakini si jibu kamili. Mkopo unamfaa fundi cherehani mwenye ulemavu wa miguu, mfanyabiashara asiyeona au kijana kiziwi anayetaka kufungua karakana ya useremala. Haumfikii kwa namna hiyo hiyo mtoto wa miaka 12 ambaye hazungumzi, analishwa, anavalishwa, na hawezi kuachwa peke yake mama yake anapokwenda shambani.

Kwa wakazi wa Kata ya Tumati, wilayani Mbulu mkoani Manyara, kama ilivyo kwa majirani zao wa Hanang na kwingineko vijijini, suala hilo halimo kwenye vitabu tu. Kilimo na ufugaji ndiyo tegemeo la kaya. Mtu mzima mmoja anapobaki nyumbani kumwangalia mtoto, kaya imepoteza nguvu kazi msimu mzima, na hasara hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha bajeti.

Ili kufahamu kwa nini hali iko hivyo, ni lazima kuifuata shilingi kuanzia kwenye Katiba na sheria, kupitia bungeni Dodoma na kwenye kikao cha madiwani, hadi kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Nani anayezungumziwa

Kundi linalozungumziwa hapa ni la watu ambao ulemavu wao ulianza tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, ukagusa ukuaji wa ubongo na uwezo wa kujifunza, kuzungumza au kujihudumia. Wamo wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo na wenye sindromu ya Down.

Watu hawa mara nyingi huchanganywa na wagonjwa wa akili, jambo ambalo si sahihi. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu wakati wowote, na wengi hupata nafuu kwa dawa na matibabu. Ulemavu wa akili ni hali ya kudumu. Hautibiwi kwa vidonge. Hupunguzwa makali yake kwa mazoezi, mafunzo, lishe na uangalizi. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayohusu matibabu ya wagonjwa, haiwezi kuwa jibu la mahitaji yao.

Idadi yao nayo ni rahisi kupotea ndani ya takwimu. Utafiti wa Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya wakazi wenye umri wa miaka saba na zaidi walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha asilimia 11.2, sawa na watu 5,347,397.

Takwimu zote mbili zinahesabu kuanzia umri wa miaka saba. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hajaweza kukaa wala kutamka neno hayumo katika asilimia hizo. Huo ndio umri ambao ulemavu wa aina hii huanza kuonekana na ambao msaada huwa na manufaa makubwa zaidi. Mpangaji wa bajeti anayeanza na takwimu hizo anaanza akiwa amewakosa wadogo.

Sheria inasema nini

Msingi wa yote ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kujipatia elimu na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Hata hivyo, Ibara ya 7 inaeleza kuwa masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Ahadi ipo, lakini mwananchi hawezi kuishitaki Serikali kwa kuegemea ibara hiyo peke yake.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kisera na kisheria. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2004 ikatolewa Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu. Novemba 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya zile za mwaka 1982.

Sheria hiyo ilipanua mambo mengi. Ilianzisha Baraza la Taifa la Ushauri na Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu. Iliagiza kuwapo kwa kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mkoa hadi kijiji na mtaa. Ilizipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu hao katika maeneo yao, na ikakataza ubaguzi katika elimu, afya na ajira.

Katika ajira, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuhakikisha kuwa angalau asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya zamani ilitaka asilimia mbili kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 na kuendelea. Lakini katika kata ya vijijini kama Tumati, mwajiri wa kiwango hicho ni nadra kumkuta nje ya utumishi wa umma, na ajira za umma zina masharti ya vyeti ambavyo mtu mwenye ulemavu wa akili ni vigumu kuvipata.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu na inawapa wazazi wajibu wa kumpatia chakula, malazi, elimu na matibabu. Kwa hiyo mzazi anatajwa waziwazi kuwa mwenye wajibu. Kinachohitaji kuulizwa ni nani anayemsaidia mzazi huyo pale wajibu unapozidi uwezo wake.

Kutoka sheria hadi bajeti

Sheria huunda wajibu. Fedha za kuutekeleza hutafutwa kwa utaratibu mwingine, na hapo ndipo wengi hupotea njia.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai Mosi na kumalizika Juni 30. Kwa kawaida kila Novemba, Serikali huwasilisha bungeni mapendekezo ya mpango pamoja na mwongozo wa kuandaa bajeti. Mwongozo huo ndio unaozielekeza wizara, mikoa na halmashauri kuhusu vipaumbele, na kila taasisi hupewa ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho haipaswi kukivuka.

Baada ya hapo halmashauri huandaa makisio yake, ambayo hujadiliwa na Baraza la Madiwani katika miezi ya mwanzo wa mwaka kabla ya kupelekwa mkoani na kuunganishwa na ya taifa. Kuanzia Aprili Bunge hujadili makadirio ya kila wizara, na katikati ya Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti kuu. Kabla ya mwezi huo kwisha, Bunge hupitisha Sheria ya Idhini ya Matumizi inayoruhusu fedha kutumika, na Sheria ya Fedha inayoweka kodi na tozo.

Katika vitabu vya bajeti, kila taasisi ina fungu lake. Mkoa wa Manyara ni Fungu 95. Ndani ya fungu mna mishahara, matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo, na chini yake mna kasma zinazotaja kila shughuli. Jambo lisilo na kasma, hata kama limeandikwa kwenye sheria, halina fedha.

Mahitaji ya mtu mwenye ulemavu wa akili yametawanyika katika mafungu mengi. Mwalimu wake yuko kwenye elimu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko kwenye afya. Ofisa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Uratibu wa sera uliwekwa kwa miaka mingi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtu anayetaka kujua ni kiasi gani kimetengwa kwa kundi hili mwaka husika hatakipata kwenye ukurasa mmoja, na jambo lisilojumlishwa mahali pamoja ni rahisi kupunguzwa bila mtu kulalamika.

Asilimia mbili na mipaka yake

Fedha zinazoonekana kwa urahisi ni zile za mikopo ya halmashauri. Kwa miaka mingi fedha za kuwezesha wanawake na vijana zilitengwa kwa maagizo ya Serikali, na utekelezaji ulitegemea utashi wa kila halmashauri. Mwaka 2018, kupitia Sheria ya Fedha, kifungu cha 37A kiliongezwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mgawo wa nne, nne na mbili ukawa wa lazima. Kanuni za usimamizi wa mikopo hiyo zilifuata mwaka 2019.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia halmashauri ambayo mapato yake ya ndani yanayohusika na mgawo huo ni Sh bilioni moja kwa mwaka. Asilimia kumi ni Sh milioni 100, na sehemu ya watu wenye ulemavu ni Sh milioni 20. Kiasi hicho ndicho kinachogawanywa kwa waombaji wa kata zote.

Halmashauri za vijijini hutegemea zaidi ushuru wa mazao, minada ya mifugo, leseni na tozo nyingine ndogo. Mvua zikigoma, ushuru hupungua, na mfuko wa mikopo nao hupungua katika mwaka ule ule ambao kaya zina shida zaidi.

Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa nchi nzima, kutokana na kasoro za usimamizi na marejesho zilizobainishwa katika ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ulirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 zilichaguliwa kuanza kwa majaribio ya kutoa mikopo kupitia benki, na Halmashauri ya Mji wa Mbulu ni mojawapo. Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, ambako ndiko iliko Kata ya Tumati, haikuwa katika kundi hilo la majaribio. Hivyo wakazi wa wilaya moja waliwekwa kwenye taratibu mbili tofauti, na mwombaji anapaswa kwanza kujua yuko upande wa halmashauri ipi.

Lakini ugumu mkubwa hauko kwenye benki wala fomu, bali kwenye maana yenyewe ya mkopo. Mkopo ni deni. Unamhitaji mtu mwenye shughuli ya kuzalisha, anayeweza kuingia mkataba na kurejesha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayeingia mkataba awe mtu mzima na mwenye akili timamu. Kigezo hicho kikisomwa kwa haraka humfungia nje hata kijana mwenye ulemavu mdogo wa akili anayeweza kufuga kuku au kuuza mboga akisaidiwa kidogo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania imeuridhia unakwenda njia nyingine. Ibara yake ya 12 inataka watu wenye ulemavu watambuliwe kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na wapewe msaada wanaouhitaji ili kuutumia uwezo huo. Ibara ya 28 inazungumzia hali ya maisha inayostahili na kinga ya jamii, ikiwamo msaada wa kugharimia mahitaji yatokanayo na ulemavu. Kati ya ibara hizo mbili ndipo kundi hili linapoangukia. Wanaoweza kufanya kazi wanahitaji msaada wa kuingia mkataba. Wasioweza wanahitaji matunzo, na matunzo hayarejeshwi kwa awamu kama deni.

Shuleni

Januari 2016 Serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila ada, kwa kufuata Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 6,000 hupelekwa shuleni na Sh 4,000 hubakizwa kwa ununuzi wa vitabu.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, njia kuu ya kusoma ni vitengo vya elimu maalumu vilivyo ndani ya shule za kawaida. Kitengo kinahitaji mwalimu aliyesomea kazi hiyo, darasa linalofikika, vifaa vya kujifunzia kwa kugusa na kuona, choo kinachofaa na mara nyingi msaidizi wa kumhudumia mtoto asiyeweza kwenda chooni peke yake. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu.

Serikali hutenga fedha za chakula na vifaa kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na imekuwa na mikakati ya kitaifa ya elimu jumuishi tangu mwaka 2009. Kwa mtoto wa kijijini, hata hivyo, kikwazo cha kwanza ni umbali. Kitengo kikiwa kimoja kwa kata kadhaa, mtoto asiyeweza kutembea kilomita tano peke yake hana shule, hata kama mwalimu yupo na ruzuku imefika. Usafiri au bweni ndiyo tofauti kati ya haki iliyoandikwa na haki inayotumika, na vyote viwili vinahitaji kasma.

Hospitalini

Wilaya ya Mbulu ina Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955 na inayotegemewa na wakazi wa wilaya na mikoa ya jirani. Kwa mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hospitali si mahali pa kwenda mara moja. Mazoezi ya viungo, dawa za kifafa ambacho mara nyingi huandamana na hali hiyo, na uangalizi wa lishe humtaka arudi mara kwa mara.

Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto wenye umri chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mtoto anapotimiza miaka mitano, msamaha huo wa umri humalizika. Kuanzia hapo, familia isiyo na uwezo hutegemea msamaha unaotolewa kwa wasiojiweza, ambao huhitaji kuthibitishwa na uongozi wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii. Ulemavu hauishi siku mtoto anapotimiza miaka mitano, bali uzito wake huongezeka, kwa kuwa mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni sasa habebeki tena.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inaweka mfuko wa kugharimia wasio na uwezo, wenye vyanzo vikiwamo tozo katika bidhaa kama vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Kwa familia zenye watoto wenye ulemavu wa akili, mambo mawili ndiyo ya kufuatilia. La kwanza ni nani anayetambuliwa kuwa asiye na uwezo. La pili ni iwapo mazoezi ya viungo na vifaa saidizi vimo kwenye kitita cha huduma. Bima inayolipia dawa ya homa na kuacha kiti cha magurudumu haijagusa kiini cha tatizo.

Kinga nayo ni bajeti

Sehemu ya ulemavu huu huzuilika. Mtoto anayechelewa kupumua anapozaliwa, anayepata manjano kali bila kutibiwa, au anayeugua malaria kali na homa ya uti wa mgongo, anaweza kupona akiwa na ubongo uliodhurika. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito hudumaza akili ya mtoto, na upungufu wa foliki asidi huongeza hatari ya mgongo wazi.

Haydom imekuwa kitovu cha tafiti zinazohusu jambo hili. Kuanzia mwaka 2009 hospitali hiyo ilikuwa moja ya vituo katika nchi nane vilivyofuatilia uhusiano kati ya maambukizi ya tumbo, utapiamlo na ukuaji wa watoto kimwili na kiakili. Baadaye iliongoza mpango wa mafunzo na vifaa vya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, uliotekelezwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, ukiwamo Manyara. Matokeo yake, yaliyochapishwa Februari 2025, yalionyesha kupungua kwa vifo vya watoto wachanga katika siku za mwanzo kwa hadi asilimia 40.

Somo kwa wanaopanga bajeti ni jepesi kulielewa. Mkunga aliyefundishwa na kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua hugharimu fedha kidogo kuliko miaka 50 ya matunzo. Hata hivyo, kinga haiondoi wajibu kwa wale ambao tayari wapo. Wilaya inahitaji yote mawili.

Wengine wamefanyaje

Nchini Kenya, Serikali imekuwa ikitoa tangu mwaka 2011 fedha taslimu kwa kaya zinazoishi na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji uangalizi wa muda wote. Kiwango cha Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi kimedumu kwa miaka mingi. Afrika Kusini ina ruzuku ya kila mwezi inayolipwa kwa mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa mpaka anapotimiza miaka 18. Zote mbili zinatambua kuwa kulea ni kazi, na kwamba anayeifanya amejinyima kipato kingine.

Zanzibar nayo imeonyesha kuwa fedha ya moja kwa moja inawezekana hata katika uchumi mdogo. Aprili 2016 ilianza kulipa pensheni ya Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Pensheni hiyo ni ya wazee na si ya watu wenye ulemavu, lakini utaratibu wake ni ule ule: kuandikisha, kuhakiki na kulipa.

Tanzania Bara ina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (Tasaf) tangu mwaka 2012. Mpango huo umezifikia kaya nyingi za vijijini. Mlango wake ni umaskini wa kaya, si ulemavu. Familia iliyo juu kidogo ya kigezo, lakini inayotumia kila inachopata kwa ajili ya mtoto mmoja, inaweza kubaki nje.

Mlango wa kijiji

Pamoja na mapungufu hayo, mwananchi hana sababu ya kusubiri Juni. Bajeti inayosomwa bungeni huwa imekwisha kupikwa, na jiko lake la kwanza liko kijijini.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo vipaumbele vya kijiji huibuliwa, kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na baadaye halmashauri. Choo cha kitengo cha elimu maalumu, nauli ya ofisa ustawi wa jamii kutembelea kaya au kliniki ya mazoezi ya viungo kwenye zahanati mara moja kwa mwezi ni mambo yanayoweza kuingizwa kwenye mpango wa kijiji kama yalivyo madarasa na visima. Yakifikishwa baada ya Baraza la Madiwani kupitisha makisio, yatasubiri mwaka mwingine.

Yapo mambo manne ambayo mzazi au kiongozi wa Tumati anaweza kuyauliza bila kuhitaji mwanasheria. Je, kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji ipo, na imo ndani yake familia ya mtu mwenye ulemavu wa akili? Je, kijiji kina orodha ya watoto wenye ulemavu, wakiwamo walio chini ya miaka saba? Je, ni kiasi gani cha asilimia mbili kilitengwa mwaka uliopita, na ni kiasi gani kilitolewa? Je, ni kasma ipi ya halmashauri inayogharimia huduma isiyo mkopo kwa kundi hili?

Mzazi anayetaka kuingia kwenye kikundi cha mikopo kwa manufaa ya mtoto wake aanze kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Anayehitaji msamaha wa matibabu aanze kwa mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii. Diwani ndiye mwenye sauti ndani ya kikao kinachopitisha makisio, na swali linaloulizwa kwa kutaja kasma ni gumu kulikwepa kuliko lalamiko la jumla.

Kwa wabunge, kazi iliyobaki ni ya aina nyingine. Mfuko wa Taifa uliotajwa kwenye sheria ya mwaka 2010 unaruhusu fedha zinazoidhinishwa na Bunge pamoja na michango. Unaweza kuwa chombo cha kulipia matunzo ambayo mkopo hauwezi kuyalipia, iwapo utatengewa fedha za uhakika kila mwaka na iwapo sheria itamtaja mlezi kuwa mmoja wa walengwa. Hilo halihitaji kufuta asilimia mbili. Linahitaji kukubali kwamba watu wenye ulemavu si kundi la sura moja.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Katika malezi ya mtoto mwenye ulemavu wa akili, mzigo huo umeachiwa mama, na sheria zilizopo zinakiri kuwa haukupaswa kuwa wake peke yake. Kilichosalia ni kuona iwapo makisio yajayo ya halmashauri yatakuwa na mstari unaosema hivyo kwa tarakimu.